Nionyeshe Kwanza, Nitakurudishia

Wanangu, acheni kucheka kwanza. Sogeeni hapa, vuteni benchi, muuza kahawa ongeza vikombe, tuongee kitu cha maana. Nimesonya tangu asubuhi mpaka ulimi umechoka.

Si mmesikia habari za yule dogo wa jirani na fundi simu? Kalizwa. Kanunua akaunti ya gemu la mpira kwenye grupu la WhatsApp, akaunti ina wachezaji wakali watupu, kalipa kwa simu hela aliyoidunduliza tangu likizo. Kapewa imeili na neno la siri, kaingia, kacheza mechi zake, kalala na furaha. Kulipokucha anafungua, anaambiwa neno la siri si sahihi. Anampigia muuzaji, hapatikani. Anaingia kwenye grupu kulalamika, wanamtoa. Na nyie hapa mnagongeana mikono, eti wajinga ndio waliwao. Jamani! Mtoto kaibiwa, wakubwa wanacheka. Mimi sicheki.

Nani huyo kasema kwani kapoteza nini, si picha tu za kwenye simu? Wewe, shehe? Basi tega sikio.

Kule Shanghai, China, kulikuwa na wachezaji wa gemu linaloitwa Legend of Mir 3. Wawili walihangaika pamoja mpaka wakaupata upanga wa joka, silaha adimu ndani ya gemu hilo, kisha mmoja wao akamwazima mchezaji mwenzao. Mwenzao akauuza. Akapata yuani 7,200, hela kabisa, ya kununulia unga. Mwenye upanga akaenda polisi kushtaki. Akajibiwa kwamba upanga wa kwenye gemu sheria haiutambui kuwa ni mali. Aliyeuza akaahidi kulipa, siku zikapita, hela haikuja. Mwenye upanga akamfuata hadi nyumbani kwake akamchoma kisu, na yule akafa. Mwaka 2005 mahakama ikatoa hukumu ya kifo iliyoahirishwa kutekelezwa. Simtetei muuaji, hakuna upanga wala pesa inayofikia roho ya mtu. Ila angalieni ilivyoanza: mtu kaazimisha kwa kuaminiana, kadhulumiwa, kaenda kwa wenye mamlaka, hakuna aliyekuwa na pa kuiweka shida yake.

Waholanzi nao yaliwafika, na wao wakayamaliza kwa sheria. Mwaka 2007, katika mji wa Leeuwarden, mvulana wa miaka 13 alikuwa na hirizi na kinyago kwenye RuneScape, gemu la Waingereza lililoanza mwaka 2001. Vijana wawili wakampiga, wakamtishia kwa kisu, wakamlazimisha aingie kwenye akaunti yake, vile vitu vikahamia kwao. Mahakamani utetezi ukadai hakuna kilichoibiwa, kwa sababu vitu hivyo havishikiki, ni tarakimu tu ndani ya kompyuta. Kesi ikapanda mpaka mahakama ya juu kabisa ya Uholanzi, na tarehe 31 Januari 2012 majaji wakaikataa hoja hiyo. Wakasema mtoto alivipata kwa muda na juhudi zake, vilikuwa chini ya mamlaka yake peke yake, na vilipochukuliwa yeye hakubaki navyo. Basi ni wizi kama wizi mwingine. Shehe, majaji wa Uholanzi wamekujibu kabla hujauliza.

Tukishakubaliana kuwa ni mali, tuongee mali inavyoibwa.

Simu ya sabuni mnaijua wote. Mtu anakusimamisha njiani, ana simu kali, bei ya kutupa, ana haraka kwa sababu ana mgonjwa hospitalini. Unaishika, unaiwasha, inawaka. Mnaelewana bei. Anaiomba kidogo atoe laini yake, anaifunga vizuri kwenye bahasha, anakupa. Unafika nyumbani, unafungua bahasha, unakuta kipande cha sabuni. Simu uliiona kwa macho yako na ilikuwa nzima. Kilichokuua ni ile sekunde kati ya kukubaliana na kupokea.

Kwenye gemu ni sekunde ile ile. RuneScape, wachezaji wawili wakitaka kubadilishana vitu, linafunguka dirisha: upande huu vitu vyangu, upande ule vitu vyako, na mahali pa kubonyeza kukubali. Zamani tapeli aliweka kitu cha thamani, mkavutana bei, na wewe unapopeleka mkono kukubali, yeye anakitoa haraka na kuweka kingine chenye sura ile ile na bei ya karanga. Umeshabonyeza, imekula kwako. Wenye gemu, kampuni ya Jagex, wakaongeza dirisha la pili: kila kilichomo kinaandikwa kwa jina na idadi, na ninyi wawili mnakubali tena. Hilo dirisha la pili, wanangu, ndilo la kusoma neno kwa neno. Hesabu sifuri. Milioni moja na milioni kumi zimepishana sifuri moja tu, na tapeli anaishi ndani ya hiyo sifuri.

Kwa hiyo tapeli wa leo hashindani na dirisha. Anakutoa nje ya dirisha. Hapa ndipo naomba mnielewe, maana mengine yote ni matawi ya mti huu. Dirisha la kubadilishana ndani ya gemu ndilo shahidi pekee uliye naye. Kilichomo upande wa pili ndicho unachopata. Ambacho hakimo, hata kama umeahidiwa kwa kiapo, umeonyeshwa kwa picha, umetajiwa kwa jina la mama mzazi, hakipo. Ukibonyeza kukubali wakati upande wa pili ni mtupu, umetoa zawadi.

Kwenye hiyo hiyo RuneScape walikuwapo watu wanasimama mjini kati wanatangaza: leta deraya yako nikutie nakshi ya dhahabu, bure! Deraya zenye nakshi zipo kweli kwenye gemu, na zina bei. Ila zinatoka kwenye hazina zinazotafutwa kwa kufuata vidokezo, na hakuna mchezaji anayeweza kutia nakshi kwenye deraya ya mwenzake. Mtoto hajui. Anafungua dirisha, anaweka deraya yake, upande wa pili hakuna kitu, anakubali mara ya kwanza, anakubali mara ya pili. Dirisha limemwambia ukweli wote, kwamba anatoa na hapokei. Yeye kamsikiliza mwenye mdomo. Jamaa kapotea na deraya.

Leo mchezo huo umehamia Roblox, jukwaa lenye magemu mengi ndani yake, na huko ndiko roho inaniuma zaidi, kwa sababu wamejaa watoto wa shule ya msingi. Kuna gemu la humo linaitwa Adopt Me!, watoto wanafuga wanyama, wanawalea, wanabadilishana. Mnyama adimu mtoto anamlea kwa wiki na wiki. Anakuja mtu: "Nipe joka wako nione kama unaaminika, nitakurudishia na mwingine juu yake." Au anasema vitu vyake ni vingi, havienei kwenye dirisha moja, kwa hiyo tufanye mara mbili, anza wewe. Mtoto anaanza. Mara ya pili haiji. Wenye gemu waliona kilio kimezidi, wakaweka leseni ya biashara: mchezaji anajibu kwanza maswali kuhusu utapeli, akifaulu ndipo anaruhusiwa kubadilishana wanyama wale adimu zaidi. Wamefanya jambo la maana sana. Mzazi mwenye mtoto humo akae naye wayajibu pamoja, maana maswali yale yanafundisha kuliko kelele zetu za hapa.

Halafu wapo wa kuzidisha. Hawa mnawajua hata nje ya gemu. Anasimama sokoni, anasema nipe elfu kumi nikurudishie ishirini. Unampa, anakurudishia ishirini kweli. Unashtuka, unampa ishirini, inarudi arobaini. Sasa moyo umefunguka, unaleta ya kwako yote uliyoihenyea mwaka mzima, na hiyo ndiyo aliyokuwa anaisubiri. Ile iliyorudi mara mbili za kwanza ni mtaji wake. RuneScape wanaihesabu kazi hiyo kuwa utapeli, ukiripotiwa unaweza kufungiwa. Ila kuna gemu la watu wa Iceland, EVE Online, la tangu mwaka 2003, la vyombo vya angani na biashara, ambalo wenyewe CCP Games wameamua kwamba kulaghaiana ndani ya gemu ni sehemu ya mchezo. Ukitapeliwa huko kwa njia za ndani ya gemu, hurudishiwi. Mwaka 2009 kulikuwa na benki humo, EBANK, imeanzishwa na wachezaji wenyewe, watu wameweka akiba zao. Mmoja wa viongozi wake, raia wa Australia, akachota zaidi ya bilioni 200 za sarafu ya gemu akaziuza kwa dola za Australia zipatazo 6,300, akasema alikuwa na nyumba ya kulipia malipo ya mwanzo na matibabu ya familia. Akafungiwa. Kosa lililomfungia lilikuwa kuuza sarafu ya gemu kwa hela halisi, maana gemu lenyewe linaruhusu kukimbia na akiba za watu. Kwa hiyo kabla hujaweka jasho lako kwenye gemu lolote, ujue wenye gemu wanasimama upande gani siku ukilizwa.

Tukija kwa vijana wakubwa, wale wa Counter-Strike, gemu la kupigana risasi, huko ndiko hela iliko. Tangu mwaka 2013 gemu hilo lina skini, yaani rangi na michoro ya bunduki na visu, na kuna visu humo vinauzwa maelfu ya dola. Vinakata vile vile kama kisu cha bure, lakini watu wanavitaka, na kinachotakiwa na watu kina bei. Matapeli wamehamia huko na familia zao. Desemba 2015 Valve, wenye gemu hilo na wenye Steam ambako vitu hivyo hukaa, walieleza wenyewe kuwa akaunti kama 77,000 zilikuwa zinatekwa na kukombwa kila mwezi. Wakaanza kuwabana wasiothibitisha biashara kwa programu ya simu, vitu vyao vishikiliwe siku kadhaa kabla ya kwenda kwa mnunuzi.

Njia wanazotumia ni za kitoto, ndiyo maana zinafanikiwa. Rafiki yako kwenye Steam, ambaye akaunti yake imeshatekwa, anakuandikia: kaka, nipigie kura timu yangu, linki hii hapa. Unafungua, ukurasa unafanana na Steam nukta kwa nukta, unaandika jina na neno la siri. Umekwisha. Tapeli haondoki na vitu siku hiyo. Anatengeneza kwenye akaunti yako ufunguo wa kuona biashara zako zikipita, ananyamaza. Siku unauza kisu chako kwa mtu wa kweli, anaifuta ile biashara ya kweli na kukuletea nyingine kutoka kwenye akaunti aliyoipa jina na picha ya mnunuzi wako. Wewe unathibitisha kwa simu yako mwenyewe, kwa mkono wako mwenyewe. Ndiyo maana wazoefu hawaangalii jina wala picha. Wanaangalia akaunti imefunguliwa lini na imefikia daraja gani, kwa sababu jina na picha vinaigwa kwa dakika moja, tarehe ya kufunguliwa haiigwi. Na ukurasa wa kuingilia Steam wanauandika wenyewe kwenye kivinjari, hawapitii linki ya mtu, hata ya ndugu.

Kuna na huyu anayekuja na pole. "Samahani kaka, nimekuripoti kwa makosa badala ya mwingine, akaunti yako inafungwa leo usiku, wasiliana haraka na mkubwa huyu wa Valve kwenye Discord." Mkubwa mwenyewe ni yeye yule kwa jina jingine. Atakutisha, atakuambia uhamishie vitu vyako kwa rafiki ili "vikaguliwe". Sikilizeni: mfanyakazi wa gemu hakufuati kwenye kuchati kuomba vitu vyako wala neno lako la siri. Akikufuata, mzibe palepale. Na haraka ile, ile "leo usiku", ndiyo alama yake. Biashara ya halali inasubiri ukale ugali urudi.

Julai 2025 Valve waliongeza kitu kwenye Counter-Strike 2, toleo jipya la gemu lile: skini iliyobadilishwa inabaki chini ya ulinzi kwa siku 7, na aliyetapeliwa anaweza kurudisha biashara zake za siku hizo. Nimefurahi, wengi wataokoka. Ila ulinzi huo una upande wake wa pili, mjihadhari nao. Anayekuuzia skini kwa hela ya nje, ya simu au ya benki, anaweza kupokea hela yako leo, kesho kutwa akairudisha biashara, skini ikarudi kwake, na hela umeshampa. Valve hawaijui hela yako ya nje, haikupita dirishani kwao. Kwa hiyo tunarudi pale pale: malipo na mali vipite kwenye dirisha moja, na kama gemu lina soko lake rasmi, uzia humo hata kama linakata asilimia. Asilimia hiyo ni nafuu kuliko kulia.

Sasa huku kwetu. Magemu mengi ya simu tunayocheza, Free Fire, eFootball na mengine, hayana dirisha la wachezaji kubadilishana mali. Ndiyo sababu vijana wanauziana akaunti nzima nzima, na hapo ndipo penye shimo. Akaunti ya gemu imefungwa kwenye imeili, au Facebook, au namba ya simu ya aliyeifungua. Wewe unapewa mlango, yeye anabaki na hati ya nyumba. Hata ukibadilisha neno la siri, anaomba kulirejesha kupitia imeili yake ya zamani, anaonyesha risiti za alivyonunua vitu mwanzo, anarudishiwa. Anauza tena kwa mwingine wiki ijayo. Na ukilalamika kwa wenye gemu unajishtaki mwenyewe, kwa sababu kanuni zao zinakataza kuuziana akaunti. Hakuna ujanja wa kulimaliza hilo. Kuna wanaosema nunua akaunti pamoja na imeili yake. Na imeili nayo ina namba ya kuirejesha, na namba hiyo ni ya nani? Mimi hukumu yangu ni moja: akaunti ya mtu usinunue. Jenga ya kwako polepole. Ukitaka almasi au sarafu, nunua ndani ya gemu lenyewe, na yule anayekuahidi almasi za bure ukimpa neno la siri, amekuja kuchukua hata hizo ulizonazo.

Na dalali? Kwenye magrupu kila biashara ina dalali, "muaminifu, ulizia watu". Unaulizia watu, watu wenyewe ni laini zake tatu. Au dalali ni wa kweli, ila aliyekuandikia inboksi ni mwingine kachukua picha yake ya wasifu. Ni ndugu mmoja na ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Mtu haamini kama ameongea na dalali bandia mpaka ampigie dalali wa kweli kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani. Nawe unayeuza, ukitumiwa picha ya muamala, usiisome. Hata meseji ya muamala isome kwa wasiwasi, maana nazo zinatungwa. Angalia salio lako. Salio halijaongezeka, hujalipwa.

Aliyekwisha kulizwa asijifungie ndani kwa aibu. Kwanza abadilishe neno la siri la imeili kabla ya la gemu, kwa sababu imeili ndiyo inayofungua vyote. Aondoe simu na kompyuta zote asizozijua zilizoingia kwenye akaunti yake, na kama ni Steam afute ule ufunguo wa biashara ambao hakuutengeneza yeye. Atunze mazungumzo yote, asifute kwa hasira. Namba, tarehe na meseji ya muamala ndivyo ushahidi. Kama hela ya simu imetoka, hiyo ni hela kama hela nyingine, awapigie mtandao wake haraka kabla haijatolewa kwa wakala. Hapa Tanzania namba inayotapeli huripotiwa kwa 15040 ya TCRA, na Kenya wa Safaricom wanatuma kwa 333. Sheria zipo: sisi tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, wenzetu Kenya wana ya kwao ya mwaka 2018. Na asikubali yule atakayemfuata inboksi siku ya pili akisema ni fundi, anaweza kurudisha vilivyopotea kwa malipo kidogo ya mwanzo. Huyo ni tapeli wa pili, amesikia mtu analia.

Neno langu la mwisho ni kwa nyie wenye watoto. Mtoto hakwambii kwa sababu anajua utasema "nilikukataza hayo magemu", utampokonya simu, na tapeli atabaki salama anatafuta mwingine. Leo jioni kaeni naye, akuonyeshe anacheza nini, akaunti yake imefungwa kwenye imeili ya nani, na nani anamwandikia humo. Kama imeili si yake wala si yako, ibadilisheni usiku huu huu.